Asali ya mzalishaji mdogo na sheria za usalama wa chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kanuni za asali hutofautiana nchi na nchi, lakini nyingi zimeanzia mahali pamoja: kiwango cha asali cha Codex Alimentarius, CXS 12-1981, kilichoandaliwa na tume ya pamoja ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya kilimo na ya afya. Takwimu nyingi utakazokutana nazo hapa zimetoka humo. Mamlaka ya chakula ya nchi yako inaweza kuwa kali zaidi, kwa hiyo kabla ya kuchapisha lebo, waulize.

Nina mizinga michache tu na nauzia majirani. Kweli sheria inanihusu?

Inakuhusu tangu siku unapopokea pesa ya chupa ya kwanza. Watu wengi hudhani udogo ni msamaha. Sivyo. Kinachopungua kwa mzalishaji mdogo ni makaratasi, ada na ukaguzi. Asali yenyewe inapimwa kwa kipimo kilekile cha asali ya kiwanda.

Mfano mzuri ni Umoja wa Ulaya. Kanuni yake ya usafi wa chakula, namba 852/2004, inamchukulia mfugaji anayekamua na kufungasha asali ya mizinga yake mwenyewe, kwenye eneo lake, kama mzalishaji wa awali, sawa na mkulima anayevuna shamba lake. Hadaiwi mpango kamili wa HACCP, yaani mfumo wa maandishi wa kuchambua na kudhibiti hatari za chakula. Anadaiwa usafi na kumbukumbu. Nchi nyingine nyingi zina nafuu za namna hiyo, kila moja na mpaka wake wa kiasi au wa mauzo.

Angalia lakini pale watu wanapojikwaa bila kujua: ukianza kununua asali ya wenzako, ukaichanganya na yako na kuiweka lebo yako, mara nyingi nafuu hiyo huisha hapo hapo. Machoni pa sheria umeshakuwa mfungashaji, na makosa ya ndoo za watu wengine sasa ni yako.

Kisheria, asali ni nini hasa?

Ni kitu kitamu cha asili ambacho nyuki wa asali wamekitengeneza kutokana na nekta ya maua, utomvu wa mimea au majimaji yanayotolewa na wadudu wafyonza mimea, wakakichanganya na vitu vyao wenyewe, wakakipunguza maji na kukiacha kiive ndani ya masega. Baada ya hapo Codex inasema jambo moja zito: asali inayouzwa kwa jina la asali isiongezwe chochote, na isiondolewe chochote cha asili yake, hata chavua, isipokuwa pale ambapo haiepukiki katika kuondoa uchafu.

Ukiielewa sentensi hiyo umeielewa nusu ya sheria. Maswali mengi yanayofuata ni matawi yake.

Kwa hiyo siwezi kuweka tangawizi au kitunguu saumu?

Unaweza, ila hutauza tena asali. Utauza mchanganyiko, na lebo iseme hivyo, ikiorodhesha viambato vyote. Pia utaingia kwenye kundi jingine la kanuni, kwa sababu tangawizi mbichi au kitunguu saumu huingiza maji, na ukavu ndio unaoilinda asali. Chupa iliyokaa salama mwaka mzima inaweza kuanza kuchacha ndani ya wiki chache baada ya kutiwa vipande vya kiungo kibichi. Ukitaka njia hii, tumia viungo vilivyokauka kabisa na uombe ushauri wa mamlaka kabla ya kuuza.

Kiwango cha unyevu ni kipi, na kwa nini kila mtu anakisisitiza?

Codex inaruhusu unyevu usiozidi asilimia 20, na asilimia 23 kwa asali ya mmea wa *Calluna* peke yake. Wanunuzi wengi wakubwa hudai asilimia 18 au 19, na wana sababu. Kila asali ina hamira za asili zinazovumilia sukari nyingi. Asali ikiwa kavu, chini ya asilimia 17 hivi, hamira hizo hazina la kufanya. Unyevu ukipanda juu ya 19 zinaamka, na baada ya miezi kadhaa asali inatoa povu, inanuka kama pombe na mfuniko unavimba.

Kosa kubwa hufanyika wakati wa kuvuna. Nyuki huziba kwa nta vyumba vya asali iliyoiva. Vilivyo wazi mara nyingi bado vina nekta. Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kuvuna fremu ambayo angalau robo tatu ya vyumba vyake vimezibwa. Ukiwa na shaka, ishike fremu ikiwa imelala na uitikise kwa nguvu mara moja juu ya mzinga. Matone yakiruka, irudishe. Hata hivyo, penye hewa yenye unyevunyevu mwingi hata asali iliyozibwa inaweza kuzidi kiwango, kwa hiyo nta pekee isikudanganye.

Kipimo cha uhakika ni rifraktomita, kifaa kidogo cha mkononi. Koroga ndoo kwanza, kwa kuwa asali yenye maji huelea juu na nzito hukaa chini. Weka tone moja kwenye kioo, funga kifuniko chake, subiri kidogo joto lilingane, kisha tazama kuelekea kwenye mwanga: pale rangi ya buluu inapokutana na nyeupe ndipo pa kusoma. Nunua chenye kipimo cha asali. Vile vya sukari husoma Brix, yaani asilimia ya sukari, na ukitoa namba hiyo kwenye 100 utapata jibu linaloonyesha maji mengi kuliko yaliyomo. Asali iliyoganda pia husomeka vibaya, iyeyushe kwanza.

Na ndoo ifunikwe. Hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hivi, asali iliyo wazi huvuta maji kutoka hewani. Unaweza kuvuna asali nzuri kabisa ukaiharibu usiku mmoja wa mvua kwa kusahau mfuniko.

Ikiwa na maji mengi, si niichemshe tu?

Usifanye hivyo. Joto huua vimeng'enya na kuzalisha kiambata kiitwacho HMF, ambacho maabara hukitumia kama ushahidi kwamba asali imepashwa joto kupita kiasi au imekaa sana. Kiwango cha juu cha HMF ni miligramu 40 kwa kilo. Kwa asali inayotoka maeneo ya joto la kitropiki Codex inaruhusu hadi 80. Kimeng'enya kiitwacho diastasi nacho kisipungue vipimo 8 vya Schade, au 3 kwa asali ambazo kwa asili zina vimeng'enya vichache.

Kwa nyuzi 30 za sentigredi, HMF huchukua miezi mingi kufika 40. Kwa nyuzi 40 ni wiki kadhaa. Kwa nyuzi 70 ni saa chache tu. Sasa fikiria ndoo iliyokaa msimu mzima chini ya paa la bati linalochemka: hakuna aliyeichemsha, lakini maabara itasema imechemshwa. Hifadhi kivulini, mahali pa baridi na pakavu.

Ukitaka kuyeyusha asali iliyoganda, weka chombo ndani ya maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na uwe na subira. Moto wa moja kwa moja chini ya sufuria ya asali haufai hata kidogo.

Asali yangu imeganda na mteja anasema nimeweka sukari.

Kuganda ni tabia ya asali. Yenye glukosi nyingi huganda haraka, nyingine hukaa majimaji mwaka mzima. Sheria haina tatizo na asali iliyoganda. Andika mstari mmoja kwenye lebo kueleza hivyo, utapunguza ugomvi.

Na vile vipimo vya mtaani vya kutambua asali bandia: kiberiti, tone kwenye maji, sisimizi?

Havithibitishi kitu. Njiti iliyochovywa kwenye asali inawaka au haiwaki kwa sababu ya unyevu. Tone linazama kwa sababu ya uzito. Sisimizi wana mambo yao. Shira nzito ya sukari inafaulu mitihani hiyo yote, na asali halali yenye maji kidogo ya ziada inafeli.

Maabara hupima vitu vingine. Sukrosi isizidi gramu 5 kwa gramu 100 kwa asali nyingi, ingawa asali za mimea kama michungwa huruhusiwa 10 na lavenda 15. Fruktosi na glukosi zikijumlishwa zisipungue 60 kwa asali ya maua. Kuna pia kipimo cha isotopu za kaboni, kinachotambua sukari ya miwa na ya mahindi kwa sababu mimea hiyo hutengeneza sukari kwa njia tofauti na maua mengi. Kikionyesha zaidi ya asilimia 7 ya sukari ya aina hiyo, asali inahesabika imechakachuliwa. Shira za mchele na za kiazisukari hukikwepa kipimo hicho, ndiyo maana siku hizi hutumika mbinu za kisasa zaidi. Tatizo si dogo: uchunguzi wa Umoja wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2023 ulishuku shehena 147 kati ya 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje.

Mfugaji mwaminifu naye anaweza kunaswa. Ukiwalisha nyuki maji ya sukari huku masanduku ya asali yakiwa juu ya mzinga, watayahifadhi humo humo, na maabara haitauliza nia yako. Lisha wakati wa njaa, acha kabla ya msimu wa maua, na uandike tarehe.

Naweza kukamulia jikoni kwangu?

Sehemu nyingine huruhusu, kwa sharti kwamba siku hiyo jiko halifanyi kazi nyingine. Nyingine hudai chumba cha peke yake. Kote huangaliwa mambo yaleyale: sakafu na kuta zinazosafishika, maji safi ya kunawa, madirisha yenye wavu, taa zenye kinga ili kioo kikipasuka kisianguke kwenye asali, na wanyama wasiingie. Anayehara au mwenye kidonda kibichi mkononi asishike kazi siku hiyo.

Wavu wa dirishani una kazi ya pili ambayo wakaguzi huisahau lakini wewe hutaisahau: nyuki wakinusa asali watakuja kudai mali yao.

Hakikisha vyombo vyote vimekauka kabla ya kuanza. Ndoo iliyooshwa na kubaki na maji chini ni unyevu uliouongeza kwa mkono wako.

Vyombo gani vinakubalika?

Chuma kisichoshika kutu, kioo, na plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Asali ina asidi zaidi kuliko ladha yake inavyoonyesha. pH yake huwa karibu na 4. Ikikaa kwenye debe la mabati hula zinki, na kwenye chombo kilichounganishwa kwa risasi hula risasi. Ulaya huruhusu risasi isiyozidi miligramu 0.10 kwa kilo ya asali, kiasi ambacho debe bovu hukivuka kwa urahisi.

Vyombo vilivyowahi kubeba mafuta ya mashine, rangi au viuatilifu haviwi vya chakula hata uvioshe mara ngapi. Chupa za plastiki za maji zilizotumika nazo ziache, hasa mifuniko yake, ambayo haisafishiki vizuri.

Moshi na majana (watoto wa nyuki) vinaihusu vipi sheria?

Kupitia harufu na uchafu. Moshi utoke kwenye vitu safi vya mimea vilivyokauka. Usichome plastiki, matambara yenye mafuta wala mbao zilizopakwa dawa. Pulizia mlangoni kidogo, usifukize masega. Harufu ya moshi ikishaingia ndani ya asali haitoki.

Masega yenye majana tenga kabisa. Ukiyakamua pamoja na asali unaongeza maji na protini zinazooza. Uchafu usioyeyuka unaruhusiwa gramu 0.1 tu kwa gramu 100, au 0.5 kwa asali iliyokamuliwa kwa kushindiliwa, kwa hiyo chuja, kisha acha asali itulie kwenye ndoo iliyofunikwa siku moja au mbili ili povu na nta viinuke juu, kisha uviengue.

Nimewatibu nyuki. Asali bado inauzika?

Inategemea dawa, wakati na soko. Antibiotiki ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Kloramfeniko na nitrofurani zimepigwa marufuku kwa wanyama wa chakula katika nchi nyingi, na Umoja wa Ulaya haujaweka kiwango kinachoruhusiwa cha antibiotiki yoyote ndani ya asali. Mabaki yakionekana, shehena inakataliwa. Dawa za kupe wa *Varroa*, wanaowafyonza nyuki, zitumike zile zilizosajiliwa tu, kwa kipimo cha kwenye karatasi yake, masanduku ya asali yakiwa yameondolewa.

Kuna kosa la stoo pia: vidonge vya nondo vinavyowekwa kwenye masega ya akiba ili kufukuza nondo wa nta. Naftalini huingia kwenye nta, na kutoka kwenye nta huhamia kwenye asali ya msimu unaofuata. Kugandisha masega kwenye friza huua mayai na viwavi bila kuacha kitu nyuma.

Kwa nini watoto wachanga hawapewi asali?

Kwa sababu ya spora, yaani mbegu sugu, za bakteria *Clostridium botulinum*. Mtu mzima huzimeza bila madhara. Utumbo wa mtoto wa chini ya miezi 12 bado haujawa na bakteria wa kuzizuia, hivyo spora huota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Ugonjwa huu ulitambuliwa Marekani mwaka 1976. Dalili za mwanzo huwa choo kigumu, kilio hafifu na kunyonya kwa shida, na mtoto wa namna hiyo awahishwe hospitali.

Usafi wako hauwezi kuziondoa spora hizo, wala kuchemsha asali hakuziui. Kinga ni maneno: andika kwenye lebo "Asipewe mtoto wa chini ya miezi 12". Baadhi ya mamlaka hulazimisha, nyingine hupendekeza tu. Kwa maoni yangu jambo hili halina mjadala. Liandike kwa herufi zinazosomeka, hata kama bibi wa nyumba ya pili atakuambia watoto wake wote walilambishwa asali.

Asali inaweza kuwa na sumu ya maua?

Mara chache, ndiyo. Nekta ya baadhi ya mimea ya jamii ya *Rhododendron* ina grayanotoksini inayoshusha mapigo ya moyo. New Zealand ina sumu ya tutini inayotoka kwenye mmea uitwao tutu, na sheria yake inaweka ukomo wa miligramu 0.7 kwa kilo. Ijue mimea inayozunguka mizinga yako na usivune pale ambapo wenyeji wanakuambia asali yake huwapa watu kizunguzungu.

Lebo iwe na nini?

Jina la bidhaa, uzito halisi, jina na anwani yako, nchi ilikotoka, namba ya bechi, tarehe, na namna ya kuhifadhi. Bidhaa iliyochanganywa kutoka nchi mbalimbali ina masharti yake. Ulaya, kuanzia tarehe 14 Juni 2026, kila nchi inatakiwa itajwe pamoja na asilimia yake.

Uzito ndio unaowaponza wengi. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Ukijaza chupa ya nusu lita na kuandika gramu 500, umewapa wateja gramu 200 za bure. Ukijaza chupa ya mililita 350 na kuandika "nusu lita" kwa kuwa imefika gramu 500, umevunja sheria ya vipimo. Pima kwa mizani iliyohakikiwa.

Tarehe unaiamua wewe, na wengi huweka miaka miwili. "Asali haiharibiki milele" si jibu ambalo mkaguzi atalipokea.

Halafu kuna "hutibu vidonda vya tumbo, kisukari na presha". Miongozo ya Codex inakataza chakula kutangazwa kwamba kinakinga au kutibu ugonjwa. Ukiandika hivyo, mamlaka inaweza kukudai usajili wa dawa, na ukweli ni kwamba mgonjwa wa kisukari anayeiamini lebo hiyo anaweza kuumia.

Daftari linahitaji kuandikwa nini?

Kidogo kuliko unavyohofia. Kila mavuno yawe bechi moja yenye namba yake. Mstari mmoja unatosha: "Bechi 07. Mizinga 3, 4 na 9. Kilo 31. Unyevu 18.2. Chupa 60 za nusu kilo. Thelathini duka la kwanza, ishirini la pili, kumi nyumbani." Ukurasa mwingine uwe wa matibabu na ulishaji.

Mkaguzi mzoefu atafanya hesabu mbele yako: kilo zilizovunwa, chupa zilizouzwa, zilizobaki. Chupa zikizidi asali, atataka kujua nyingine imetoka mzinga gani.

Nafuga nyuki wadogo wasiouma. Je, ni asali?

Kiwango cha Codex kinahusu nyuki wa asali wa jamii ya *Apis*. Asali ya nyuki wadogo kwa asili ni chachu na mara nyingi ina maji zaidi ya asilimia 25, kwa hiyo ukiipima kwa kiwango cha kawaida itafeli ingawa ni halali. Malaysia ilitunga kiwango chake cha pekee mwaka 2017. Penye pengo, iuze kwa jina linaloonyesha wazi ni ya nyuki gani, na ihifadhi kwenye jokofu.

Naweza kuiuza nje, au kuiita ya kilimo hai?

Kwa Ulaya, nchi yako lazima kwanza iwe kwenye orodha ya zile ambazo mpango wao wa kupima mabaki ya dawa kwenye asali umekubaliwa. Hilo ni jambo la serikali. Asali yako ikiwa safi kiasi gani haitapita peke yake. Kilimo hai nako ni cheti: sheria ya Ulaya inatazama mimea iliyo ndani ya kilomita 3 kuzunguka mizinga. Gharama ya cheti mara nyingi humwelemea mtu mmoja, kwa hiyo nenda kupitia ushirika.

Mteja amerudisha chupa inayotoa povu. Nifanye nini?

Mrudishie pesa yake kwanza, kisha chukua chupa na usome namba ya bechi. Fungua chupa uliyoibakiza ya bechi hiyo hiyo (kila bechi ibakize moja stoo) na uipime unyevu. Ikiwa ni kavu na tulivu, huenda chupa ya mteja iliachwa wazi au iliingizwa kijiko chenye maji. Ikiwa nayo inachemka, simamisha mauzo ya bechi nzima, piga simu kwenye maduka yaliyoandikwa daftarini na uondoe chupa zote. Iarifu mamlaka pale sheria yako inapodai hivyo, hasa kama kuna aliyeugua. Asali iliyorudishwa usiichanganye na nzuri ili kuipunguza makali, na usiwape nyuki wako, kwani iliyochacha huwaharisha na ya kuchanganyika inaweza kusambaza magonjwa ya majana. Iandike kwenye daftari: kilo ngapi zimerudi, zimetupwa lini na wapi.